Ameshiba, lakini amekula nini?

Mama akiniuliza kuhusu mtoto wake anayeanza kula, huwa namwomba kwanza ainamishe kijiko cha uji. Ukitiririka wote mara moja, huo ni kinywaji. Ukigandia kijikoni na kudondoka taratibu, sasa tuzungumze.

Shida ni udogo wa tumbo. Mtoto wa kilo 8 kwa mlo mmoja huchukua kama mililita 240, basi. Ukilijaza maji atashiba, pengine atalala fofofo, nawe utaridhika, ilhali mwili haujapata kitu. Anayenyonya huhitaji kalori zipatazo 200 kwa siku kutoka kwenye chakula kati ya miezi 6 na 8, na akishatimiza mwaka zinafika 550 hivi. Uji mwepesi hauwezi kubeba hizo. Kwa hiyo upike mzito, kisha uuongezee nguvu: mafuta kidogo, au karanga zilizosagwa zikawa laini kabisa. Karanga nzima ziweke mbali, zinapalia.

Wanangu wote wawili walinyonya tu, bila hata tone la maji, hadi miezi 6. Baada ya hapo chakula kilikuja juu ya maziwa, si mahali pake. Mara 2 au 3 kwa siku mwanzoni, na mara 3 au 4 kuanzia miezi 9.

Ila ninalolipigia kelele zaidi ni madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba aliyoipata tumboni, na inapokaribia miezi 6 akiba hiyo huanza kupungua. Maziwa ya mama, kwa ubora wake wote, yana chuma kidogo. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema nyama isubiri meno. Meno ya nini, wakati inasagwa? Nyama, samaki aliyetolewa miba, yai lililoiva sawasawa, maharage yaliyopondwa: vyote vinaingia tangu miezi 6. Ini nalo ni zuri, ila kidogo tu na si zaidi ya mara moja kwa wiki, maana lina vitamini A nyingi mno. Kama nyumbani hamli nyama, maharage yaandamane na tunda lenye vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza chuma. Chai hufanya kinyume, mtoto haihitaji.

Asali marufuku kabla ya mwaka mmoja, hata ya kulamba, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli ya mtoto. Chumvi na sukari sikutia, na hakuna aliyelalamika isipokuwa wageni.

Akikataa je? Mwanangu mdogo alitema yai kwa muda mrefu. Sikumbana pua wala kumshika taya. Nilimpa tena siku nyingine, kiasi cha ncha ya kijiko, nami nikila mbele yake. Ladha mpya huenda ikahitaji kuonjwa mara 8, 10 au zaidi kabla haijakubalika. Akigeuza uso, mlo umekwisha.

Akiugua, mnyonyeshe zaidi na umpe chakula laini kidogo kidogo. Hamu ikirudi, ongeza mlo mmoja kwa siku kwa wiki 2 hivi, maana huo ndio muda wa kurudisha kilo zilizopotea.