Melodiki Maina kwenye Gitaa: Anzia Uzi Mmoja

Wanafunzi wengi wa gitaa, wanapofika kwenye skeli (ngazi ya noti) ya melodiki maina, ambayo hupanda kwa noti fulani na kushuka kwa nyingine, hukabidhiwa michoro ya vidole inayojaza ukurasa mzima, wakaikariri yote, lakini wakiombwa kuiimba skeli yenyewe wanakwama. Ushauri wangu, unaotokana na njia iliyonifaa mimi, ni kuiweka kando michoro hiyo kwa muda na kuanzia uzi mmoja tu.

Chukua uzi wa tano, yaani A, uupige ukiwa wazi, kisha ubonyeze freti (vigawanyo vya shingo ya gitaa) za 2, 3, 5, 7, 9, 11 na 12. Hiyo ndiyo A melodiki maina inapopanda. Unaposhuka, pitia freti za 12, 10, 8, 7, 5, 3 na 2, umalizie uzi ukiwa wazi. Kinachobadilika ni noti ya sita na ya saba peke yake. Kwa aliyekulia kwenye kwaya zinazosoma solfa, jambo hili ni jepesi: maina huanzia la, hivyo zinazopandishwa nusu toni, yaani freti moja, ni fa na so.

Sababu yake inastahili kusikika, si kusomwa tu. Noti ya saba ikisogezwa hadi nusu toni chini ya noti kuu (ile inayoanza na kumaliza skeli, hapa A), sikio huanza kuitamani hiyo noti kuu. Lakini ikipandishwa peke yake tunapata hamoniki maina, ambamo kutoka freti ya 8 unaruka hadi ya 11, na mruko huo ni mgumu kwa mwimbaji. Ndipo noti ya sita nayo hupandishwa ili njia iwe laini. Wakati wa kushuka hatuelekei tena noti kuu ya juu, kwa hiyo zote mbili hurudi mahali pake. Piga hamoniki, kisha melodiki, polepole, huku ukiziimba.

Baada ya hapo ingia kwenye Bourrée (kipande cha mtindo wa dansi) ya Johann Sebastian Bach katika E maina, namba BWV 996 katika orodha ya kazi zake, inayopendwa mno na wapiga gitaa. Mapema kabisa sauti ya juu hupanda B, C shapu (C iliyopandishwa nusu toni), D shapu hadi E, na papo hapo hushuka D, C, B. Kwenye uzi wa pili, ambao ukiwa wazi ni B, hizo ni freti za 2 na 4 wakati wa kupanda, kisha 3 na 1 wakati wa kushuka, E ikipigwa kwenye uzi wa kwanza ulio wazi. Sijaona zoezi bora kuliko noti hizo saba.

Wanamuziki wa jazi kwa kawaida hutumia umbo la kupanda hata wanaposhuka, na ndiyo maana vitabu viwili huweza kuiandika skeli hii kwa namna mbili bila kimojawapo kukosea. Ukivutiwa na njia hiyo, mwombe mwenzako akupigie kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya Am6, yaani A maina iliyoongezwa noti ya sita, nawe ushuke kwa freti za 12, 11, 9 na 7: ile F shapu ya freti ya 9 imo ndani ya kodi yenyewe.