Maswali ya Wasomaji: Pilipili, Panya na Maumivu ya Mkanda wa Jeshi

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Mamangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, aliugua mkanda wa jeshi mwaka jana. Vipele vilikauka, lakini ngozi ya ubavu wa kushoto ingali inamwaka, na hata leso ikimgusa hushtuka. Jirani yetu ametushauri tumpake pilipili ya kuponda. Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu anasema ushauri huo una msingi, kwa kuwa pilipili humaliza kemikali fulani katika neva, na kwamba panya wasio na kemikali hiyo hawasikii maumivu. Je, ni kweli?
Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Waalaikumu salamu, dada yangu. Kwanza nakuomba sana, msimpake Bi Mkubwa pilipili ya jikoni. Itamchoma ngozi ambayo tayari ina maudhi, na hakuna awezaye kuipima nguvu yake.

Kemikali aliyoikusudia mpwa wako huitwa dutu P. Iligunduliwa mwaka 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum mjini London, katika vimiminika vilivyotolewa kwenye ubongo na utumbo wa farasi. Ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, nayo ina asidi amino 11 tu. Neva nyembamba zinazoleta habari za moto na jeraha kutoka ngozini huingia katika ugwe wa mgongo kwa upande wa nyuma, na hapo huimwaga dutu P juu ya neva nyingine zinazoipeleka habari ubongoni. Mahali hapo hapo pana peptidi za kupoza, kama vile enkefalini, iliyogunduliwa mwaka 1975 na John Hughes na Hans Kosterlitz huko Aberdeen, ambazo huizuia habari hiyo isipite kwa nguvu zake zote.

Sasa tuje kwa panya. Mwaka 1998 zilichapishwa habari za panya waliozaliwa bila jeni inayotengeneza dutu P. Hawakuwa wanyama wasiosikia maumivu, na hapo ndipo mpwa wako alipoteleza. Walipoumizwa kidogo waliitikia kama wenzao. Tofauti ilijitokeza maumivu yalipozidi, kwani wao waliitikia kwa upole zaidi. Kwa maoni yangu funzo hilo ni kubwa kuliko dai la mpwa wako: dutu P haianzishi habari ya maumivu, bali huikoleza.

Lakini panya hasemi, na mtafiti hana ila kutazama anavyorudisha mguu, anavyolamba na anavyojikuna, kisha akadirie. Ukadiriaji huo una mitego. Dutu P ikidungwa katika ugwe wa mgongo wa panya, mnyama hujiuma na kujikuna kwa dakika chache, na kwa muda mrefu tendo hilo lilihesabiwa kuwa dalili ya maumivu. Je, kama ni mwasho? Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba panya wasio na kipokezi cha peptidi nyingine ya ugwe wa mgongo hujikuna kidogo sana wanapotiwa vitu vya kuwasha, ilhali maumivu wanayasikia kama kawaida. Mwaka uliofuata ikapatikana njia nyepesi ya kutenganisha mambo hayo mawili, nayo hunipendeza kila niikumbukapo: panya akidungwa shavuni kiini cha ukali wa pilipili, kiitwacho kapsaisini, hujipangusa kwa mguu wa mbele, mfano wa mtu aliyejipaka pilipili kwa bahati mbaya, akidungwa histamini, ambayo huwasha, hujikuna kwa mguu wa nyuma. Shavu ni lile lile, ila mguu ndio unaotoa habari.

Huenda ukauliza mbona hakuna kidonge cha kuizuia dutu P. Vilitengenezwa, na kwa wanyama vilileta matumaini, lakini wagonjwa walipopewa, maumivu hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Dawa moja ya jamii hiyo, aprepitanti, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa kazi nyingine kabisa, nayo ni kuzuia kichefuchefu na kutapika kunakoletwa na dawa za saratani. Panya kuwahi kuuondoa mguu ni jambo moja. Mama kukosa usingizi miezi mingi kwa sababu ya ubavu ni jambo jingine, na kipimo cha kwanza hakitoshi kulieleza la pili.

Jirani yenu hakukosea kabisa. Kapsaisini iliyopimwa hutumika hospitalini kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, ama kwa krimu hafifu, ama kwa plasta yenye asilimia 8 inayobandikwa na mhudumu wa afya. Zamani ilidhaniwa kwamba hufanya kazi kwa kuimaliza dutu P. Leo inafahamika zaidi kwamba ncha za neva zenyewe hufifia kwa muda, kisha huota tena. Zipo pia dawa za kumeza, kama vile gabapentini na amitriptilini, ambazo daktari huzipima kwa kuangalia umri wa mgonjwa na dawa nyingine anazotumia.

Mpeleke Bi Mkubwa kwa daktari, na usiseme tu kwamba ubavu unamuuma. Mweleze kwamba vipele vilikauka, taja ni miezi mingapi imepita, na umwambie waziwazi kwamba kinachomshtua ni leso.