Nalishusha Mimi, Laenda Kampala

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza: "Ni gari gani la kasi unalolitamani ambalo bei yake hapa kwetu imekushinda, ilhali kwingineko watu wa kawaida wanalimudu? Na sababu ni nini?"

Gari ni Subaru WRX STI, lile umbo la 2014 hadi 2019, gia za mkono, tundu la hewa juu ya boneti na bawa refu nyuma. Sehemu hiyo ya jibu imekwisha. Ya pili itanichukua kurasa, kwa sababu naishi nayo kazini.

Mimi ni dereva wa bandarini Kilindini. Siendeshi lori, kazi yangu ni kushusha magari melini. Meli ya magari ikifunga gatini twaingia kwa zamu, kila mtu apewa gari, hulitelemsha rampuni polepole, hulipeleka yadini, hulipanga kwenye mstari wake, kisha basi dogo la kazi laturudisha kuchukua mengine. Kwa siku moja naweza kukalia viti vya magari ambayo wengine hawatayakalia maisha yao yote. Mengi ni Noah, Fielder, Vitz, Demio na Note. Nayaheshimu, ndiyo yanayopeleka watoto shule. Lakini mara mojamoja, ghorofa ya chini kabisa, taa za meli zikiwa hafifu, unaliona bawa lile la nyuma katikati ya paa za magari mengine, na moyo waruka.

La mwisho kushushwa na mkono wangu lilikuwa la 2012, la buluu. Nilikanyaga klachi, nzito kama ipasavyo, nikatia gia ya kwanza. Mwendo wa bandarini ni wa kobe, basi sikupata zaidi ya gia ya pili, ila ule mngurumo wa injini ya Subaru hauhitaji mwendo kusikika. Nilipofika yadini nikasoma karatasi iliyobandikwa kiooni: Uganda. Nikazima injini, nikampa karani ufunguo, nikapanda basi dogo.

Hapo ndipo panaponiuma, Mhariri. Bei kubwa mtu huizoea, hujipanga, hujinyima. Lakini gari lile limevuka bahari hadi mjini kwetu, nimelishika usukani, litapita Changamwe na Miritini na Mariakani mchana kweupe, na mtu wa Kampala ataliandikisha kwa jina lake. Mimi wa Mombasa siruhusiwi, hata ningekuwa na fedha zote mkononi. Sheria ya kwetu yasema gari la mtumba linaloingia Kenya lisizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda, tangu sheria yao ya 2018, ukomo ni miaka 15 tangu kutengenezwa. Wao hulipa ada ya mazingira kwa gari kuukuu, nayo si ndogo, lakini mlango uko wazi. Gari la kasi la miaka 12 ndilo limeshaanza kushuka bei kule Japani hadi kufikia mfuko wa mfanyakazi. Likifika hapo, sisi tumeshafungiwa.

Upande wa pili nako ni vilevile. Nina mwana wa ami yangu, yuko Tanga. Ana Impreza STI ya zamani, ile ya 2006, ukubwa wa injini yake cc 1994. Tanzania haikatazi gari kwa umri. Humwongezea mwenyewe ushuru kwa ukuukuu wake, lakini ushuru wao wa bidhaa wenyewe ni mwepesi: asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1000 na 2000, asilimia 10 kwa iliyozidi hapo. Kwetu injini hiyohiyo ni asilimia 25. Sikukuu ya Idd yeye huja kutusalimu kupitia Horohoro na Lungalunga na kibali chake cha muda, na watoto wa mtaani Majengo hulizunguka gari kama bwana harusi. Siku zake zikiisha, lazima lirudi kwao. Mimi na yeye babu yetu ni mmoja. Kati yetu pana mpaka tu, naye ana gari ambalo mimi siwezi kulileta kwa njia yoyote ya halali.

Sasa kodi. Nimesikia vijana barazani wakisema "wanakamua tu", bila kuonyesha hesabu. Hesabu ni hii, kwa viwango vya 2025. Tuseme thamani ya gari kiforodha ni shilingi milioni 2. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 700,000. Ushuru wa bidhaa, kwa petroli iliyozidi cc 1500, ni asilimia 25, lakini hautozwi juu ya ile milioni 2. Hutozwa juu ya milioni 2 na laki 7, unapata 675,000. VAT ya asilimia 16 nayo hupanda juu ya vyote hivyo: 540,000. Ongeza ada ya uagizaji asilimia 2.5 na ada ya reli asilimia 2, ni 90,000. Jumla ya kodi: 2,005,000. Umenunua gari moja, umelipia mawili. Injini ya petroli ikizidi cc 3000, ushuru wa bidhaa huwa asilimia 35 na jumla yafika 2,318,200 kwa thamani ileile. Ndiyo maana wapenzi wa magari huikariri namba ya Toyota GR Supra, cc 2998: cc mbili tu zimeliokoa.

Na lipo jambo linalowashangaza wengi. Ile thamani haitokani na risiti yako. Huanzia kwenye orodha ya bei ambazo gari kama hilo, likiwa jipya, huuzwa hapa nchini. Hupunguzwa kwa kadiri ya umri, kisha thamani ya forodha ikachambuliwa humo. Mpenzi wa magari ni mtu wa kukesha akifuatilia minada ya Japani, akisoma karatasi ya ukaguzi mstari kwa mstari, kutu iko wapi, rangi imepakwa tena wapi. Akabahatika gari zuri kwa bei ya chini, hapa halimsaidii kwenye kodi hata shilingi moja. Naelewa kwa nini waliweka orodha: risiti za uongo zilikuwa nyingi. Ila mwaminifu naye hulipa kwa dhambi ya mwongo.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Nilianza kuweka akiba 2018, kidogo kwenye chama chetu cha madereva, kidogo kwenye Sacco. Nilikusudia STI ya 2016, niiagize 2023, mwaka wa mwisho ambao ya 2016 ingeruhusiwa. Machi mwaka huo ajenti mmoja wa kliaringi akanipigia hesabu, nikaona bado laki tatu na nusu. Nikasema hadi Oktoba nitakuwa nimezipata, nikachukua zamu za usiku. Julai ushuru wa forodha ukapanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Kwa thamani ya milioni 2, kodi iliyokuwa 1,735,000 ikawa 1,995,000. Na wakati huohuo shilingi ilikuwa yaporomoka: mwaka ulianza dola ikiwa kama shilingi 123, na Januari 2024 ilikuwa imegusa 160. Nilipomrudia ajenti alibofya kikokotoo chake, akanigeuzia nione kwa macho yangu. Hakusema kitu, nami sikumlaumu. Tarehe 1 Januari 2024, gari la 2016 likawa haliruhusiwi tena. Shilingi ilikuja kurudi karibu na 130, lakini kalenda hairudi.

Mke wangu, Mungu ampe umri, hakunicheka hata siku moja. Aliniuliza tu, "Baba Salma, hizo pesa tuziache palepale?" Ziko palepale.

Mnauliza sababu za tofauti baina ya nchi. Nijuavyo, kila serikali hulitazama gari kwa jicho lake. Singapore ni kisiwa kidogo, hutaka magari yasijae: kabla ya kununua gari lazima ushinde cheti cha haki ya kuwa nalo kwa miaka 10, na Oktoba 2023 cheti cha magari makubwa kilifika dola zao 150,001, gari lenyewe bado. Denmark kwa miaka mingi ilitoza kodi ya usajili hadi asilimia 180. Japani wao hutoza kidogo wakati wa kununua, lakini ukaguzi wa serikali, ambao kwa gari jipya ni baada ya miaka mitatu na kisha kila miwili, huwachosha wenye magari, wakayauza yangali mazima. Ndiyo neema ya mitumba yetu.

Marekani ndiyo kichekesho kichungu. Sheria yao ya 1988 humzuia mtu kuingiza gari lisilotengenezwa kwa viwango vyao hadi litimize miaka 25. Nissan Skyline GT-R R34, lililoanza kutengenezwa 1999, walianza kuruhusiwa kulichukua Januari 2024. Kijana wa Texas alikuwa akilitazama kwenye picha likiwa jipya, hawezi kulileta. Sisi tungeweza likiwa na miaka saba, kama tungekuwa na fedha. Leo yeye amefunguliwa na sisi tumefungiwa. Na kwa kuwa Wamarekani wananunua kwa dola, bei ya magari hayo imepanda hata huko Japani yalikozaliwa. Kijana wa Osaka naye analalamika. Sidhani yupo mpenzi wa magari duniani ambaye sheria ya kwao haikumpokonya gari moja.

Lakini wa Kenya ana kidonda cha ziada: mapenzi haya tulifundishwa nyumbani. Nilikuwa mtoto Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza ya buluu. Kabla yake tulikuwa na Patrick Njiru wetu, aliyemaliza Safari ya 1993 kwa Subaru Vivio, kigari ambacho leo ungesema ni cha kwenda sokoni Kongowea. Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021, kule Naivasha, Toyota Yaris zikatawala. 2022 na 2023 zilichukua nafasi zote nne za mwanzo. Ndugu wa barabarani wa gari hilo, GR Yaris, injini ya cc 1618 ya silinda tatu na turbo, lilitoka Japani 2020, na lile la daraja la RZ liliuzwa kwa yen 3,960,000. Fundi wa kiwanda kule akijibana analichukua. Sisi tumelipa vumbi la Naivasha kwa mapafu yetu tukilishangilia, na bado lingali ndoto.

Najua jibu la upande wa pili, na nalikubali kwa sehemu kubwa. Bila ukomo wa umri tungekuwa jaa la vyuma vya dunia, na moshi tungeuvuta sisi. Kuna mama zetu wanaowazika vijana waliokimbizwa na mwendo. Nilimsindikiza mmoja makaburini Kikowani, rafiki yangu, na tangu siku hiyo sikimbizi gari barabarani. Kasi mahali pake ni uwanjani. Na serikali yahitaji fedha. Lakini sheria hii haitazami kasi. Noah ya cc 1986 inayobeba familia hutozwa kiwango kilekile na STI ya cc 1994. Haitazami hali ya gari pia: la miaka saba lililogongwa na kunyooshwa laingia, la miaka kumi lililotunzwa gereji kama mwana wa pekee lakataliwa.

Ningeombwa maoni na watunga sheria, ningeomba kitu kidogo. Waubakishe ukomo wa miaka minane kwa magari ya biashara na ya yadi. Kisha watenge idadi ndogo kwa mwaka ya magari ya umri mkubwa, ya mtu binafsi, yakaguliwe kabla ya kupakiwa na baada ya kushushwa, mwenyewe asiruhusiwe kuuza kwa miaka mitano. Kodi atalipa, na hata akiongezewa atalipa. Magari mia mbili ya namna hiyo hayatachafua hewa kama lori moja bovu la Magongo kila asubuhi.

Kwa sasa kufungwa huko kumefanya STI zilizoingia zamani, zenye namba za Kenya tayari, ziwe kama dhahabu. Haziongezeki, zinapungua kwa ajali na kutu ya chumvi ya pwani, na mwenye nayo hutaja bei bila kupepesa jicho. Na za mwisho za umbo nilipendalo, zilizosajiliwa 2019, zitafungiwa mwaka wa 2026 ukiisha, ule mwaka wa 2019 ukiwa ndio Subaru walioaga injini yao ya EJ20 kwa magari 555 ya kumbukumbu.

Kuna moja Nyali, nyeupe, ya 2008, imesajiliwa hapa miaka mingi. Mwenyewe amehamia ng'ambo, shangazi yake ndiye mwenye ufunguo. Bei aliyotaja ni ya kukaa kitako, lakini amekubali nije Jumamosi na fundi wangu tuliinue tulitazame chini. Fundi ameshaniambia nilete tochi mbili na sumaku, kwa sababu rangi mpya huficha mengi.