Mjusi anakula kuliko mfuko wako

Mwanangu alipopata mjusi mwenye ndevu, yule wa asili ya Australia anayefugwa sana hapa Marekani, nilidhani gharama ni taa na kizimba. Kumbe ni tumbo. Akiwa mdogo anamaliza nyenje kwa makumi kila siku, na dukani wanakuuzia wachache wachache kwa bei ya kuumiza.

Kwa kuanzia, agiza moja kwa moja kwa wafugaji wa wadudu. Boksi la nyenje 500 au 1,000 huja kwa posta, na bei ya kila mmoja inashuka sana. Ila nyenje hufa upesi. Boksi langu la kwanza niliwamimina kwenye ndoo yenye mfuniko wa vitundu vidogo. Siku ya tatu nilipofunua, harufu kama ya mkojo ilinipiga usoni, wengi wamelala chali na chini kumelowa. Kata dirisha pana kwenye mfuniko, ziba kwa wavu wa chuma, kisha panga trei za mayai ndani. Maji wayapate kwenye kipande cha karoti. Kwenye bakuli watazama.

Nafuu yenyewe, lakini, ni kuzalisha wako. Mimi nafuga mende wa dubia: hawapandi ukuta laini, hawapigi kelele, na jike huzaa watoto 20 hadi 30 kwa mkupuo. Wape giza, joto la nyuzi 30 hivi za Selsiasi, na trei zisimame wima ili kinyesi kidondoke. Kisha vumilia. Kwa miezi minne au mitano usimguse hata mmoja, maana ukimpa mjusi mapema umekula mbegu. Endelea kununua nyenje katika kipindi hicho. (Walioko Florida, mende hawa wamekatazwa huko.)

Wadudu wa bustanini ni wa bure, lakini waache: wanaweza kuwa na dawa za kuulia wadudu, na kimulimuli mmoja tu anatosha kumuua mjusi huyu.

Mdudu asizidi upana wa nafasi kati ya macho ya mjusi, na mdudu huyo mpake unga wa kalsiamu kwanza. Naye mdudu ashibe kabla hajaliwa. Sukuma wiki inapatikana hapa kwa jina la collard. Nikipika, mabaki wanakula mende, na majani mawili matatu mabichi namkatia mjusi mwenyewe.