Alama, dalili au kiashiria?

Swali: Mimi ni muuguzi. Ninatafsiri maelezo ya utafiti yatakayosomewa ndugu wa wagonjwa mahututi, nami nimeandika "alama za damu za jeraha la mapafu za wagonjwa wenye sumu ya damu". Mwenzangu anasema haieleweki. Nimekosea wapi?

Jibu: Mwenzako amesema kweli. A-unganifu, yaani maneno kama "za" na "ya", zimefuatana mno, hata msikilizaji hajui kama alama ni za damu, za jeraha au za wagonjwa; penye msongamano wa namna hiyo, kitenzi husaidia.

Neno "alama" lenyewe lina kazi nyingine wodini, kwani katika SOFA, kipimo cha kushindwa kwa viungo, kila mfumo wa mwili unaopimwa hupewa alama 0 hadi 4 kadiri ulivyozorota. "Dalili" nayo ni kile anachokihisi mgonjwa au anachokiona daktari, kama vile homa na kuhema haraka. Kinachobaki ni "kiashiria", na kinafaa hasa. Chukua protini iitwayo SP-D, ambayo makao yake ni ute unaotanda ndani ya vifuko vya hewa: ukuta mwembamba kati ya kifuko na mishipa ya damu unapoharibika, protini hiyo huvujia katika damu, na kuongezeka kwake humo huashiria mahali ilikotoka.

"Jeraha" humfanya msikilizaji afikirie kisu au ajali, naye atauliza mgonjwa wake aliumizwa lini. Mapafu haya hayakuchomwa na kitu. Yamedhurika kwa ndani, kwa hiyo mimi husema "kudhurika kwa mapafu".

Linalonisumbua zaidi ni "sumu ya damu", kwa sababu linapotosha maana. Fasili ya kimataifa ya mwaka 2016 inaeleza kwamba sepsisi, ambayo ndiyo unayoiita "sumu ya damu", ni hali inayotishia uhai, ambamo viungo hushindwa kufanya kazi kwa sababu mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi umevurugika. Tena mara nyingi damu ya mgonjwa ikioteshwa maabara haipatikani bakteria yeyote. Tumia "sepsisi", kisha uifafanue.

Kwa wataalamu ningeandika: "viashiria vinavyopimwa katika damu ili kuonyesha kudhurika kwa mapafu kwa wagonjwa wenye sepsisi". Kwa ndugu ningesoma: "Tunaomba kuchukua damu kidogo ya mgonjwa wenu, tupime protini ambazo huongezeka katika damu mapafu yanapodhurika."