Remmy Ongala kigeugeu? Jibu langu refu kwa mleta mada

Mkuu mleta mada, hilo swali lako nimelisikia vijiweni tangu marehemu yuko hai. Umesema Remmy Ongala hakuwa na msimamo, kaanzia bendi za Kikongo, kaja kwenye dansi letu, kaenda kurekodi kwa wazungu na kuimba Kiingereza, kaimba kondomu, kaimba mwanasiasa, mwishoni kaokoka kaingia Injili, kwahiyo alikuwa kigeugeu anayefuata upepo. Mimi nimepiga gitaa la rizimu kwenye bendi za baa miaka 11 na nyimbo za huyu mzee nimezipiga mpaka vidole vikaota sugu, naombeni mnivumilie wakuu nijibu kwa urefu maana naona anasemwa sana na watu ambao hawajawahi kukaa chini wakamsikiliza.

Tuanze na hiyo kuhamahama. Ramadhani Mtoro Ongala kazaliwa 1947 Kindu, mashariki ya Kongo, na inasimuliwa alizaliwa meno mawili ya mbele yameshaota, ambapo kule kwao mtoto wa hivyo anaonekana kazaliwa na uganga, ndo hilo jina la Dokta likamfuata mpaka kaburini na ndo nywele zikaachwa zikue. Wazazi wote wawili walimwondokea mapema. Sasa kijana yatima, hana shule ya maana, mali yake ni koo na gitaa, unategemea atulie wapi? Kazunguka bendi za Kongo, kavuka Uganda kapiga na Grand Mickey Jazz, alafu 1978 mjomba wake Mzee Makassy akamwita Dar kwenye Orchestra Makassy.

Na hapa vijana wengi hamjui dansi la zamani lilivyokuwa linaendeshwa. Mwanamuziki alikuwa hamiliki kitu. Magitaa, spika, drams, hata waya wa maiki, vyote mali ya mwenye bendi, na mwenye bendi mara nyingi ni shirika au taasisi, DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, walikuwa na Mlimani Park, Juwata, jumuiya ya wafanyakazi, walikuwa na bendi yao, Urafiki kiwanda cha nguo nacho kina bendi, polisi wana bendi, jeshi lina bendi, Umoja wa Vijana wana Vijana Jazz. Ukigombana na meneja kesho uko bendi nyingine au uko nyumbani. Watu wakubwa kabisa wa nchi hii wamehama hivyo na hakuna aliyewaita vigeugeu. Makassy walipoondoka kwenda Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 80 Remmy akabaki Dar akajiunga na Matimila, bendi ya mtu binafsi, na akaikuza mpaka ikawa ni Super Matimila ya Remmy na sio Remmy wa Matimila. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa sana, bendi isiyokuwa na shirika mgongoni inasimama kwa miguu yake kwasababu ya mtunzi mmoja.

Sasa nije kwenye kitu ninachokijua kwa mikono yangu.

Bendi ya kwanza niliyoingia nilikuta nyimbo tatu za Remmy lazima zipigwe kila wikiendi, na mojawapo ni Kifo. Mpiga rizimu kazi yake ni kurudia. Solo anapanda juu anashuka, solo la pili linamjibu, wewe uko pale chini unatwanga kitu kile kile, ukichoka ukakiacha nusu sekunde nyimbo nzima inachechemea na mpiga besi anakugeukia. Nyimbo nyingi za dansi unatwanga hivyo huku unajua chemko, sehemu ya kuchangamka ya nyimbo, linakuja, pale mbele watu watalipuka na wewe utapumua. Kifo haikupi hiyo raha. Inatembea. Sisi tulikuwa tunaipiga hata robo saa na mkono wa kulia unawaka moto, alafu unainua macho unaona watu hawajatoka kwenye floo, wanacheza, ila sura zimebadilika. Kuna baba mmoja alikuwa mteja wetu wa kila Jumamosi, akisikia ile nyimbo anasimama peke yake karibu na spika ya kushoto, chupa kaishika shingoni, anayumba taratibu na machozi yanamtoka wala hayafuti. Nyimbo ikiisha anarudi kwenye kiti chake anaendelea na mazungumzo. Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza alimzika nani.

Ndo hapo nikaanza kuelewa. Huyu mtu alikuwa anaingiza msiba kwenye ukumbi wa starehe na watu wanalipa kiingilio kuusikia. Na sio mara moja. Alipokuwa na Makassy alitunga Siku ya Kufa, huko nyuma kabisa kabla ya umaarufu. Alafu ukitoka kwenye kifo unakutana na mnyonge, Mnyonge Hana Haki, Sauti ya Mnyonge, alafu Nalilia Mwana, mama anayelilia mtoto. Mtindo wake akauita Bongo Beat, akimaanisha ubongo, muziki wa kutumia kichwa, na kiukweli alikuwa halengi tu viuno.

Sasa Mambo kwa Soksi, ile nyimbo ya kuhimiza kondomu kujikinga na UKIMWI, soksi ndo kondomu yenyewe. Mleta mada umesema aliimba matusi ili auze. Hapana mkuu, hapa nakupinga kwa nguvu zote.

Ilipotoka mimi nilikuwa kidato cha pili. Redio Tanzania hawakutaka kuipiga, na kumbuka wakati ule bara tulikuwa na redio hiyo moja tu, Radio One imekuja 1994, na bendi nyingi zilikuwa zinarekodi studio za hiyo hiyo redio. Yaani ukikataliwa pale umekataliwa nchi nzima, hakuna pa kwenda kukata rufaa. Mwanamuziki anayefuata upepo hawezi kutunga nyimbo ya namna hiyo, angetunga ya mapenzi ikapigwa asubuhi mchana jioni. Yeye akaipiga majukwaani na watu wakaisambaza kwa kaseti. Kaka yangu aliileta nyumbani kwenye kaseti isiyo na jaladi, imerekodiwa juu ya mahubiri, mwisho wa upande A bado unamsikia mchungaji. Mama aliposikia soksi ni nini akaitoa kwenye redio akaiweka juu ya kabati, akasema hataki kuikuta tena inalia kwake.

Miezi kama minane baadae mdogo wake mama aliletwa nyumbani kutoka mkoani. Alikuwa amekonda, mdomo una vidonda, kikohozi usiku kucha. Pale nyumbani huo ugonjwa haukutajwa hata siku moja, walisema kalogwa na mtu aliyemdhulumu kiwanja, wengine kifua. Mimi ndo nilikuwa nampelekea maji ya kuoga. Siku moja akaniuliza ile kaseti ya Remmy iko wapi, nikamwambia mama kaificha, akasema ilete taratibu. Tukaisikiliza sauti ya chini kabisa, redio iko chini ya mto, yeye kalala ubavu, sikio kaliweka pale. Hakusema kitu. Ilipofika kwa mchungaji akasema irudishe mwanzo. Betri zilikuwa zinakaribia kwisha, nikaitoa nikairudisha kwa kalamu ya biki, na yeye anasubiri. Kaseti ile ndo ilikuwa sauti pekee kwenye nyumba ile iliyokuwa inaongea naye ukweli. Alifariki kabla ya mwezi wa Ramadhani mwaka ule.

Kwahiyo mtu akiniambia ile ilikuwa nyimbo ya kihuni mimi nashindwa hata kubishana, namwacha.

Kuhusu kwenda kwa wazungu nitakuwa mfupi. Kaseti yake ilipelekwa Uingereza na rafiki, ikawafikia watu wa WOMAD, waandaaji wa matamasha ya muziki wa dunia, 1988 akaenda kupiga kwenye matamasha yao, na baadae lebo ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel ikamtolea Songs for the Poor Man 1989 na Mambo 1992. Ile Mambo ndo ina nyimbo za Kiingereza kama One World na No Money, No Life. Nitasema ninavyoona kama mpiga gitaa, zile rekodi ni safi, kila gitaa unalisikia peke yake, nimejifunza mengi pale maana kwenye kaseti za zamani solo la pili na rizimu vinamezana. Ila zile zilizorekodiwa redioni kwetu zina joto ambalo kule Ulaya halikupatikana, na akiimba Kiingereza anakosa ile nafasi ya kuongea na watu katikati ya nyimbo, kuuliza, kujijibu, kutania, kukemea, ambayo ndo nusu ya Remmy. Hapo nakubaliana na wanaosema alipungua. Lakini angalia anachokiimba kwa hicho Kiingereza chake, bila hela huna maisha! Ni mnyonge yule yule, kabadilishiwa lugha tu. Hata jina la ile albamu ya 1989 maana yake ni nyimbo za maskini.

Na ile Mrema, ndio, kamuimba Augustine Mrema waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule. Kamuimba kwasababu wakati ule mtu wa chini alikuwa anaona amepata mtu wa kumkimbilia, ukidhulumiwa unaenda kwa Mrema. Wengi tulikuwa tunaamini hivyo, sioni aibu kusema.

Sasa Injili. Hapa ndo nyie wengi mnapomshikia bango. Habari zilipotufikia kwamba Dokta ameacha dansi na anaimba kanisani, bendi yetu iligawanyika, mpiga tumba alikasirika kabisa akasema mzee katuacha yatima. Ilikuwa imeshatokea kwa wengine, Cosmas Chidumule naye alitoka kwenye dansi akaenda Injili, lakini kwa Remmy iliuma zaidi, maana huyu tulimuona kama ndo dansi lenyewe, yule mzee wa rasta aliyejiita mwenyewe sura mbaya na akasimama mbele ya watu bila kujificha. Alikuwa ameugua sana miaka ile. Watu wakasema ni ugonjwa umemtisha.

Mimi nilikuja kubadilika msimamo msibani. Mpiga besi wetu alifariki, tukaenda na vyombo vichache, gitaa mbili na spika moja, kama ilivyo desturi ya kumsindikiza mwenzetu. Mjane akaomba tupige Kifo. Kaka wa marehemu ni mlokole, akasema nyumba hii haipigwi nyimbo za baa, kama mnampenda Remmy pigeni zile za Yesu. Wakaanza kuvutana pale mbele za watu, ikawa aibu. Mwimbaji wetu, mtu mzima mwenye busara, akasema shemeji kaa na wewe kaka kaa, tutapiga zote mbili. Tukaanza na Kifo, taratibu, bila drams, alafu bila kusimama tukaingia kwenye ile ya Injili ambayo yule kaka mwenyewe ndo alikuwa anaongoza kuimba. Mimi mkono wangu wa kulia haukubadilika sana, nilikuwa natwanga kile kile, nikabadilisha kodi tu na kasi kidogo. Na nikiwa pale natwanga nikawa nasikiliza maneno, tunakufa, hatujui siku, tajiri na maskini tunaingia shimo moja, tutakimbilia kwa nani. Nikajiuliza hivi huyu mzee kahama lini? Ile nyimbo aliyotunga akiwa kijana pale Makassy na hii aliyoimba mzee mgonjwa zinauliza swali lile lile, kanisani ndo alikopata jibu la kumtosha yeye. Unaweza usilikubali hilo jibu, mimi mwenyewe sio mlokole, ila usiseme alikuwa na swali jipya kila mwaka.

Kafariki tarehe 13 Desemba 2010 hapa hapa Dar. Miaka 32 toka aje kwa mjomba wake, na kituo cha daladala bado konda anaita Sinza kwa Remmy, wanaoshuka pale wengi hawajui Remmy ni nani.

Na kwa aliyeuliza kule juu aanze na ipi, usianze na za Kiingereza. Anza na Kipenda Roho uisikie bendi ikiwa na raha, alafu Muziki Asili Yake Wapi, hapo utasikia magitaa yanavyopokezana. Kifo iache usiku, ukiwa peke yako, na usiikatishe. Mambo kwa Soksi ukiipata nzima naomba uniambie ipo wapi, maana ya kwangu upande A ulimezwa na redio 2003 na nilichobaki nacho ni ule mwisho wa mahubiri.