Kamera ya picha kwa video ya harusi: usiiuze, ila ijue ilivyo

Assalamu alaykum. Mdogo wetu ameuliza hapa: ana kamera ya mirolesi (ile ndogo ya kubadilisha lenzi, isiyo na kioo ndani) aliyoinunua kwa ajili ya picha, jamaa zake wanamtaka arikodi harusi ya binamu yake Unguja, na kuna mtu kamwambia kamera ya picha haifai kwa video, aiuze anunue kamkoda, yaani kamera ya video tu. Mimi kazi yangu ni harusi, upande wa wanawake, Unguja zaidi na Pemba ninapoitwa, na kamera zangu zote ni za picha. Nitajibu kwa kirefu.

Usiiuze. Tangu mwaka 2008, Nikon D90 na Canon 5D Mark II zilipoanza kurikodi video, kamera za picha zimekuwa na kitu ambacho kamkoda ya bei kama hiyo haina: sensa kubwa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) inayoona kwenye mwanga mdogo, na lenzi za kubadilisha. Kwa kazi yetu kuna jambo jingine ninalolithamini zaidi, nalo ni udogo. Chumba anachosingwa bibi harusi ni kidogo, somo, yule mama anayemfunda, kakaa chini kwenye mkeka, mashangazi na mabibi wamejaa mpaka mlangoni. Ukiingia na mtambo wa begani kila mtu anavuta mtandio. Ukikaa nao mkekani, kamera ndogo iko magotini, baada ya muda wanakuzoea, na hapo ndipo utakapozipata zile nyimbo na vicheko ambavyo mama wa bibi harusi atavitazama miaka yote.

Aliyekwambia haifai ana hoja moja ya kweli. Kamera hizi ziliundwa kwa kubofya na kupumzika, wakati video inaitaka sensa ifanye kazi mfululizo, na hapo joto linaanza. Canon ilipotoa EOS R5 mwaka 2020 ilitangaza yenyewe kwamba video ya 8K, ile kali kuliko zote za kamera hiyo, itakwenda kama dakika 20, na kipimo hicho kilichukuliwa penye nyuzijoto 23. Sasa fikiria chumba cha bibi harusi mwezi wa Februari, madirisha yamefungwa, watu tele na udi unafuka. Namba yoyote ya kiwandani ipunguze. Mimi hurikodi fremu, yaani picha moja moja za video, 25 kwa sekunde, siendi kwenye 50 bila ya haja, naifungua skrini iachane na mgongo wa kamera ili joto lipate pa kutokea, na kamera haikai juani hata kidogo kabla ya kazi. Kama kamera yako ina mpangilio wa kuiruhusu ivumilie joto zaidi kabla ya kujizima, uwashe. Kwa tukio lisilorudiwa, kama bwana harusi anapoingia kumwekea mkewe mkono kwenye kipaji, kamera iwe imepumzika kwanza.

Kuna na zile dakika 29 na sekunde 59. Kamera nyingi za zamani hukata hapo, na si ubovu: Ulaya, kamera iliyoweza kurikodi dakika 30 au zaidi ilihesabiwa kuwa ya video na ikatozwa ushuru zaidi, kwa hiyo watengenezaji wakaikata kabla. Za karibuni nyingi hazina kikomo hicho. Soma yako inasemaje, na kama inakata, izime na kuiwasha mwenyewe penye utulivu, usingoje ikate katikati ya wimbo.

Taa ndizo zinazoharibu video nyingi za hapa kwetu, kwa hiyo nisikilize vizuri. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za tyubu na za LED hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona. Ukiweka shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde inakwenda sawa na taa na picha inatulia. Ukiweka 1/60 au 1/125 unapata mistari ya giza inayopanda na kushuka ukutani, na hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Kamera nyingi zinazoletwa hapa zimewekwa mfumo wa NTSC, wenye fremu 30 na 60, na shata inakuvuta kwenye 1/60. Ingia kwenye menyu uihamishe kwenye mfumo wa PAL, unaokwenda na umeme wa 50 Hz, ndipo utakapoziona 25, 50 na 100. Na ukitaka mwendo wa polepole bibi harusi anapotolewa, fremu 100 kwa shata ya 1/100 ni salama kuliko 120.

Kwenye kumbi mambo huzidi, kwa sababu taa za rangi za mapambo zina mapigo yake zenyewe, na jenereta likiwashwa haliendi 50 kamili kila mara. Fika mapema, rikodi kidogo ukielekeza ukuta mweupe, uitazame kwa utulivu. Kama mistari ipo, sogeza shata kidogo kidogo mpaka itoweke. Baadhi ya kamera, kama Panasonic GH5, zina mpangilio maalumu wa kuisogeza kwa hatua ndogo sana. Mizani ya rangi (white balance) nayo uifunge mwenyewe. Ukiiachia kamera ichague, kila bibi harusi anapopita penye taa ya zambarau uso utabadilika, na ile hina na dhahabu iliyolipiwa pesa nyingi itaonekana ya rangi nyingine kila dakika. Wapiga picha wa simu na mimuliko yao huwezi kuwazuia: sensa nyingi huisoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo mmuliko mfupi hutokea nusu ya fremu tu. Sogea upande, usimpigie mtu kelele.

Watu watakwambia urikodi kwa S-Log3 au mfano wake, yaani picha iliyofifishwa makusudi ili upate rangi nzuri baadaye unapohariri. Ukumbini mimi nakataa. Kwenye Sony A7 III, kwa mfano, S-Log3 haishuki chini ya ISO 800 (ISO ni kipimo cha wepesi wa sensa kupokea mwanga) na video yenyewe ni ya biti 8, yenye ngazi chache za rangi, na ukiivuta kwenye giza unapata chembe tupu usoni. Rangi ya kawaida iliyopunguzwa ukali inatosha.

Nje juani shida inageuka. Kwa shata ya 1/50 na ISO 100, jua letu la mchana linataka tundu la lenzi lifungwe kama f/22 (namba ikikua tundu linapungua), na kila kitu nyuma kinaonekana wazi, hata nguo zilizoanikwa. Ukitaka f/2.8 unahitaji kupunguza mwanga hatua sita, kila hatua ikiukata nusu, yaani filta ya giza ya ND64. Zile za kuzungusha zinafaa, ila kwenye lenzi pana huacha msalaba wa giza angani, kwa hiyo usizungushe mpaka mwisho. Kanzu nyeupe na kuta za chokaa za Mji Mkongwe zipimie kwa mistari ya onyo (zebra) ambayo kamera huionesha penye mwanga uliozidi. Nguo ikishakuwa nyeupe tupu nakshi zake hazirudi.

Sasa sauti, na kama una pesa kidogo zote ziende hapa. Maiki ya ndani ya kamera inasikia vidole vyako, feni ya dari na injini ya lenzi. Halafu kamera ina tabia ya kujipandishia sauti yenyewe. Vigelegele vikipigwa inaishusha ghafla, kikija kimya inapandisha mvumo. Zima hiyo, weka kwa mkono, maneno ya kawaida yafike kama desibeli -12 kwenye kipimo cha sauti. Kwa somo anayesema au bibi anayeomba dua, maiki ndogo ya nguoni, na umwombe ruhusa kwanza.

Taarabu ni jambo la peke yake. Fidla, kanuni, akodiani na mwimbaji vinakutana kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, na spika za ukumbini zinapasua. Nenda kwa fundi mitambo kabla ya watu kufika, umsalimu, umwombe akupe njia ya kutoka kwenye mikisa. Usiiingize moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kamera, kwa sababu mkondo wa mikisa una nguvu zaidi na sauti itapasuka. Iingie kwenye kinasa sauti chenye njia ya laini (line in), inayopokea mkondo wa nguvu hiyo. Kisha kamera ibaki na maiki yake ya juu ikichukua ukumbi: vigelegele, wanaokwenda kutuza, watu wanaoitikia. Hivyo viwili ukivichanganya nyumbani ndipo taarabu inasikika kama ilivyokuwa. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili uvioanishe, na tena kila unapoanza faili jipya, kwa sababu saa ya kamera na ya kinasa hupishana kidogo kidogo kwenye onesho refu.

Pwani, kaskazi au kusi ikivuma, maiki isiyo na manyoya haifai kabisa.

Mengine ni mepesi. Kadi yenye alama ya kasi ya V30 inatosha. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 45 kwa saa. Betri uwe nazo za kutosha, au ulishe kamera kwa USB kama inakubali. Gimbali, kile kishikio cha kutuliza kamera, si lazima, jifunze kusimama. Lenzi zikirudi nyumbani zikae kwenye boksi lenye dawa ya kunyonya unyevu, maana ukungu wa kwetu unakula kioo.

Mwisho, na usilichukulie jepesi, ni amana. Wanawake wale wamevua mitandio kwa sababu ni mwenzao uliyepo. Mimi kadi za upande wa wanawake ni mbalimbali na za upande wa ndoa, zina alama, na wifi ya kamera imezimwa. Nahariri mwenyewe. Sipeleki chochote mtandaoni, hata kipande cha sekunde chache cha kujitangaza, labda bibi harusi mwenyewe aniambie kipi. Kazi nampa mama wa bibi harusi mkononi. Na ujue kwamba kufomati kadi kwa kawaida hakufuti kitu, faili zinarudishwa kwa programu ya bure. Kwa hiyo kadi zile siazimi wala siuzi, na kabla ya kazi nyingine naijaza kadi nzima kwa video ya ukuta, ndipo naifomati.